Magoti ya Mlima Mmoja

Daktari wa mifupa ndiye aliyeanzisha yote. Alimkunja Mama miguu, akaikunjua, akasikiliza jinsi magoti yanavyolia, halafu akasema bila kuinua macho kwenye karatasi zake: "Mama, haya magoti yamebakiza mlima mmoja. Kama kuna mahali ulitaka kupanda, panda mwaka huu."

Mimi damu ilinichemka. Nina hasira za karibu, ndiyo maana nyumbani wananiita Hamira. Wanasema naumuka kabla hata sijafunikwa. Nilitaka kumuuliza huyo daktari kama amesomea mifupa au kupiga ramli. Lakini Mama alikuwa anatabasamu. Alishusha sketi ikafunika magoti, akasema, "Mmoja unanitosha, mwanangu. Na ninaujua ni upi."

Hata mimi niliujua. Sisi ni waoka mikate, na ukutani kwetu, juu ya pipa la unga, kuna picha iliyokatwa kwenye kalenda ya mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Ni mlima mweusi unaochomoza baharini. Kileleni una mdomo, na ndani ya mdomo kuna wekundu. Mama ameitazama picha hiyo kila siku akichota unga, hata pembe zake zimegeuka nyeupe kwa alama za vidole vyake. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ni nini. Akaniambia, "Ni tanuri lisilotaka kuni."

Basi tukaenda kwa wakala wa safari, watu watatu: Mama, mimi, na Shangazi, dada yake marehemu Baba, ambaye anauza mikate kaunta ya mbele na kuuza maneno bure. Wakala alikuwa mwanamke mwenye miwani mikubwa na subira kubwa zaidi. Alitufungulia ramani juu ya meza. Kulikuwa na visiwa vinne vimepangana mstari mmoja, akasema, na mtu anaweza kuvipitia vyote kwa wiki mbili, huku kwa boti, huku kwa ndege ndogo. Cha kwanza kina mchanga mweupe. "Hapo ndipo pangu," Shangazi akasema. "Kitanda, mwavuli, na mtu wa kuniletea maji. Msiniulize kitu kingine." Cha pili kina mawimbi marefu, watu huyapanda kwa ubao na kuteleza juu yake mpaka ufukweni. Sijui kilichonipata. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Na mimi hapo." Cha tatu kina mchanga mweusi. Cha nne kina mlima.

Mama alichomoa picha ya kalenda kwenye mkoba wake, akaiweka juu ya ramani.

"Ndiyo huo," wakala akasema. "Bado uko hai. Visiwa vyote hivi vilitoka chini ya bahari kwa moto, mama, kimoja baada ya kingine, na hiki cha mwisho bado kinakua."

"Kinakua?"

"Lava inamwagikia baharini, ikipoa inakuwa nchi. Kuna mahali pale unaweza kusimama, ukawa wewe umeizidi ardhi umri."

Mama alishika ukingo wa meza. Alikaa hivyo muda mrefu, macho yake yakiwa juu ya doa lile dogo kwenye ramani. Mtu aliyezidi ardhi umri! Njiani kurudi nyumbani nilikuwa natazama nilipokanyaga.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, mikate ikiwa imekwisha kutoka, tulianza kupanga safari juu ya meza ya kukandia. Nilitandaza unga uwe bahari. Mama alichukua donge lililobaki akalikata vipande vinne, akavifinyanga visiwa kwa kuangalia ramani, na hicho cha nne akakinyanyua juu na kukitoboa kwa kidole. Mara mteja akaingia, mara mtu wa kuni akaleta kuni, mara Shangazi akaanza kisa cha jirani. Tuliporudi mezani, visiwa vilikuwa vimevimba. Cha pili kilikuwa kimelalia cha tatu, na mlima wa Mama umefura hadi mdomo umejifunga. Ni sisi tu tungeweza kuchora ramani kwa kitu chenye hamira ndani yake.

Shangazi alicheka hadi akashika mbavu. "Safari imefupika! Tutavuka kwa miguu!"

Mama hakucheka. Aliinama akakitazama kile kisiwa cha nne kwa ukaribu, jinsi kilivyokuwa kinaendelea kujiinua taratibu, bila mtu kukigusa. "Kumbe ndivyo inavyokuwa," akasema kwa sauti ya chini. "Nimefanya hivi kila siku, na sikujua ninachokifanya."

Ratiba niliiandika mimi, kwa mkono, karatasi kubwa, nikaibandika ukutani na majina yetu matatu juu. Wakala alipoisoma kwenye picha niliyomtumia kwa simu alinipigia huku anacheka. Nilikuwa nimeandika kwamba tutaamka saa tisa, na somo la mawimbi litaanza saa kumi alfajiri. "Dada," akasema, "saa kumi hata samaki wamelala. Mwalimu anaanza saa tatu." Sikuwa nimefikiria kwamba kuna watu ambao siku yao inaanza jua likiwa juu. Nikafuta. Ila mazoezi sikungoja mwalimu: niliweka ubao wa kukandia juu ya magunia mawili ya unga, nikapanda, nikakunja magoti kama nilivyoona kwenye video, mikono nimeitanua. Fundi viatu wa jirani alichungulia dirishani, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akauliza kama tumefilisika. Nikamwambia afunge mdomo na duka lake pia.

Furaha hiyo ilidumu mpaka wakala alipouliza tarehe.

"Siku kumi na nne kuanzia lini?" akauliza. Na sisi sote watatu tukageuka kutazama tanuri.

Inabidi nieleze. Tanuri letu ni la matofali, kubwa kama chumba kidogo, na moto wake unakaa kona ya kushoto, nyuma ya kiukuta kifupi. Baba aliuwasha siku ya kufungua duka, miaka arobaini na moja iliyopita, na tangu siku hiyo haukuwahi kuzimika. Jioni Mama huyafukia makaa kwa majivu. Alfajiri huyafukua, huyapa kuni nyembamba kwanza halafu nene, na huusalimia moto. Sifanyi mzaha. Huinama mlangoni mwa tanuri na kusema, "Umeamkaje?" Tangu Baba alipofariki, miaka tisa sasa, salamu hiyo imezidi kurefuka. Huuambia nani kajifungua, nani kahama, unga wa safari hii ukoje. Huo ndio moto wa Baba. Mikate yote niliyokula maishani mwangu imeivishwa na njiti moja aliyoiwasha yeye.

Sasa nani aulinde wiki mbili? Tuliwahi kumwita mwoka mikate wa mtaa wa pili atushikie siku moja tu. Mama alimkuta anachokoa majivu huku anaongea na simu. Alimshukuru sana, akampa mkate, akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Nitabaki mimi," Shangazi akasema.

"Wewe? Mtu wa kitanda na mwavuli?" nikamuuliza. Isitoshe, mgongo wake uliteguka mwaka jana, hawezi kuinua hata ndoo ya maji, sembuse magogo.

Mama alimshika bega. "Wifi, kama si mgongo ningekuachia bila wasiwasi. Wewe ndiye mtu pekee uliyewahi kuulinda peke yako. Hamira alipozaliwa, siku tatu nzima tuko hospitali, nimerudi nimeukuta unawaka vizuri kuliko nilivyouacha."

Shangazi akaanza kupanga mikate iliyokuwa imeshapangwa.

Tulikaa wiki nzima hivyo, safari imening'inia. Mimi nilisema tuuzime. Nilisema mara moja tu. Jinsi Mama alivyonitazama, sikurudia. Lakini sikukata tamaa. Niliomba namba ya nyumba ya wageni ya kisiwa cha nne, nikapiga, nikaweka sauti ya juu ili Mama asikie. Nilijua ninachofanya. Nilitaka mlima umshawishi wenyewe.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mchangamfu. Alituambia njia inaanzia nyuma ya jiko lake, kwamba kuna mkono wa chuma wa kushikia, na kwamba kwa mwendo wa mtu mzima ni saa mbili mpaka mahali pa kutazamia. Mama, ambaye alikuwa amejifanya hasikilizi, akasogea.

"Muulize kama unasikika."

"Unasikika?" yule mama akacheka. "Subirini nitoke nje."

Tulisikia viatu vyake vikipita sakafuni. Mlango ukafunguliwa. Ukaja upepo, na kuku, na mtu akiita mtu kwa mbali. Halafu, chini ya vyote hivyo, tukasikia kitu. Nikadhani ni radi, lakini radi huisha. Hii haikuisha. Ilikuwa pumzi nzito, ndefu, inayopanda na kushuka, ya kitu kisichokuwa na haraka na kisichojali kama tunasikiliza au la. Mteja mmoja aliyekuwa ameingia kununua mkate alisimama na kikapu chake, akasikiliza na yeye.

Mama alikwenda kwenye tanuri akafungua mlango. Hewa ilivutwa ndani, moto wa kona ya kushoto ukaguna, na chumba kikawa na sauti mbili. Zilikuwa sauti moja. Mama aliangalia simu, akaangalia tanuri, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta.

"Ni huyu huyu," akanong'ona. "Ni huyu huyu, ila mkubwa."

Mwenye nyumba aliporudi ndani tulimshukuru, nikakata simu. Nilijua nimeshinda. Ndipo Mama alipokwenda ukutani, akachukua kalamu ya kuandikia oda, akalikata jina lake kwenye ratiba. Mstari mmoja ulionyooka.

"Nimeusikia. Inatosha. Nendeni ninyi wawili, mtanipigia picha. Mimi nitabaki na moto wa Baba yako."

Hapo ndipo nilipoumuka. Nilimwambia maneno mengi, na mengine sitayaandika. Nilimwambia mwakani magoti hayatakuwepo. Nilimwambia ni ujinga kuuacha mlima kwa ajili ya makaa. La mwisho nililosema ni kwamba Baba hayumo ndani ya hilo tanuri. Mara tu lilipotoka nilitamani kulirudisha mdomoni. Mama alisimama palepale, kalamu mkononi, akawa mdogo mbele ya macho yangu.

"Hamira, nyamaza," Shangazi akasema. Sauti haikuwa ya kaunta. "Wifi, kaa."

"Niko sawa."

"Kaa, tafadhali."

Mama akakaa kwenye kigoda. Shangazi alibaki amesimama, mikono yake imeshikana juu ya aproni.

"Si moto wake," akasema. "Ulizimika. Siku ya pili ninyi mkiwa hospitali. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikaa chini nipumzike kidogo, usingizi ukanichukua. Nilipoamka, nilifukua majivu mpaka chini na hakukuwa na kitu. Hata cheche. Nikawasha mwenyewe, kwa kiberiti. Njiti ya tatu ndiyo iliyoshika."

Mama alianza kujifuta unga mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Miaka thelathini na minane," akasema. "Kila alfajiri unanisikia nausalimia."

"Nilikuwa nakusikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ningesema mwaka ule ingekuwa rahisi. Kila mwaka uliopita ulizidi kunifunga mdomo. Lakini siwezi kwenda kulala ufukweni wakati wewe umebaki hapa kulinda njiti yangu."

Mama aliinua kichwa. "Na yeye? Alikufa bila kujua?"

"Kaka alijua siku ileile. Alirudi kuchukua nguo za mtoto, akainama akachungulia. Makaa yalikuwa machanga, mtu wa kazi anaona. Nikaanza kulia. Akaniuliza, 'Mkate umeiva?' Nikamwambia umeiva. Akasema, 'Basi, nipe hizo nguo, kuna mtoto hana cha kuvaa.'"

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema atakuambia ukipata nguvu. Halafu nafikiri alisahau, wifi. Unamjua kaka."

"Alikuwa msahaulifu," Mama akasema. "Alikuwa anasahau kila kitu, yule mtu." Akanyanyuka akaenda chumbani kwake, akafunga mlango, na mikate ya jioni niliitoa mimi.

Siku mbili hakusema na Shangazi. Alimpitishia mikate dirishani kimya, na Shangazi akaipokea kimya, na wateja wakauliza kuna msiba gani. Mimi nilimwomba Mama msamaha kwa lile neno la mwisho. Akaniambia nikande.

Siku ya tatu alfajiri sikusikia salamu. Aliupa moto kuni bila kusema kitu, akaoka kama kawaida, na jioni, saa ya kufukia makaa, hakuyafukia. Aliyatandaza kwa reki sakafu nzima ya tanuri, mekundu, yakawa bapa, akayatazama yakififia. Halafu akafunga mlango wa chuma na kuziba ufa wake pande zote kwa donge la unga, ili joto litoke polepole na matofali yasipasuke. Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Niliandika tangazo mlangoni kwamba tumefunga. Fundi viatu alikuja kulisoma mara mbili, na safari hii hakutania.

Kwa siku tatu nilikuwa naweka kiganja ukutani. Ya kwanza kilinichoma. Ya pili kilikuwa na joto la mtu. Ya tatu asubuhi ulikuwa ukuta tu, na duka lilikuwa na ukimya ambao sikuwahi kuusikia tangu nizaliwe. Mama aliubandua unga uliokauka, akafungua mlango, akatoa majivu yote. Kisha akafunga kitambaa kichwani na kuingia, kwa magoti yaleyale. Nilimfuata na tochi. Mabega yalinikwama mlangoni, ikabidi Shangazi anisukume kwa nyuma.

Tulilala chali, Mama na mimi, sakafuni mwa tanuri, nikamulika juu.

Maisha yangu yote nimesimama nje ya mlango ule nikiingiza koleo na kulitoa, na nilidhani ndani ni peusi. Paa lilikuwa limepinda juu yetu tofali kwa tofali, limejishikilia lenyewe, wala hukuona mahali lilipoanzia. Na kule kona ya kushoto, juu ya kiukuta, moto ulikuwa umeyayeyusha matofali. Yalikuwa yametiririka yakagandia njiani, ya kijani, ya kahawia, meusi yenye kung'aa, na kila nilipotikisa tochi yalitembea. Mama aliinua mkono akayagusa. Yalikuwa laini na baridi.

"Lava," akasema.

"Lava," nikasema.

Tulikaa pale, pumzi zetu zikirudi kutoka kwenye paa. Nikahisi bega lake likitetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, taratibu, kwa ndani.

"Miaka arobaini na moja nimeupa kuni na sijaona ulichokuwa unafanya. Hamira, ikiwa hapa ni hivi," akasema, "huko kwenyewe kukoje?"

Tulitoka weusi. Shangazi alikuwa anatusubiri na karai la maji na taulo, macho chini. Mama hakunawa kwanza. Alikwenda ukutani kwenye ratiba, na kwa kidole kilichojaa masizi akaandika jina lake upya, juu ya lile alilolikata, herufi nene kama za mtoto anayejifunza. Kisha akaingiza mkono mfuko wa aproni, akatoa kiberiti kipya, akakiweka kwenye kiganja cha Shangazi na kumfunga vidole.

"Kitunze. Tukirudi utauwasha wewe."

"Wifi, mimi? Baada ya yote yale?"

"Sasa nani?" Mama akasema, na akaanza kunawa. "Mimi nimeulinda tu. Kati yetu, wewe peke yako ndiye uliyewahi kuuwasha."